Mnapasha Watu ama Maji?

Swali hilo si langu. Ni la mzee mmoja wa redieta pale Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan. Tulimwendea wanne, tukiwa na picha kwenye simu: hita ya dizeli, ndogo kama boksi la viatu, imeundwa Ujerumani au imenakiliwa Uchina, inategemea umeamka na pesa ngapi. Tulitaka kujua kama anaweza kutufungia kwenye basi. Aliiangalia hiyo picha, akapanguza mikono na kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono, akauliza, "Vijana, hii mnataka kupasha watu ama maji?"

Tukanyamaza. Hakuna aliyekuwa amejiuliza.

Basi lenyewe ni Isuzu ya abiria 33, imestaafu barabara, injini bado iko sawa, viti tulishavitoa na kuviuza. Imeegeshwa kwenye yadi nyuma ya soko la Kariokor, mahali ambapo ukikaa hadi saa sita mchana moshi wa nyama choma unaingia wenyewe bila kukaribishwa. Mpango wetu ni kuzungusha vitabu na filamu kwenye miji isiyo na maktaba wala sinema, na kulala mle ndani, sisi wanne, wiki mbili mbili. Kwa hiyo tunahitaji vitanda, jiko, choo cha kubeba, na mahali pa kuoga. Mambo yote hayo tulikubaliana kwa siku moja. Joto limetugawanya kwa miezi mitatu.

Msimamo wangu nauweka hapa wazi, wenzangu wausome na kila msee anayeota kugeuza nganya ya zamani kuwa keja ausome: basi la kulala nchini Kenya halihitaji hita ya hewa. Linahitaji maji ya moto, godoro zuri na madirisha yanayofunguka. Anayekuambia tofauti ametazama video nyingi za watu walioegesha kwenye theluji.

Na hizo video nazijua, nimezitazama usiku kucha kama wengine. Kijana wa Oregon anaonyesha jiko lake dogo la kuni lenye bomba linalotokeza juu ya paa. Mama na baba wa Bavaria wanaonyesha hita chini ya kitanda, nje kila kitu kimeganda. Wako sahihi kabisa. Kwao baridi ni msimu. Inakuja Novemba, inaondoka Machi, na inakukuta hata ukiwa ufuoni mwa bahari. Maji yakiganda kwenye mabomba ya gari, mabomba yanapasuka. Usipokuwa na hita unaweza kufa.

Kwetu baridi haisubiri msimu sana. Baridi yetu ni mlima. Mombasa hutaisikia Julai wala Januari, lakini panda hadi Limuru na utaipata hata Krismasi. Kenya ukitaka baridi unapanda juu, na ukiichoka unashuka. Nairobi yenyewe iko mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, na ndiyo maana Julai tunatembea na masweta huku binamu zetu wa Pwani wakitucheka.

Sasa angalia kinachofuata. Hita ya dizeli ni moto mdogo ndani ya chombo cha chuma. Pampu inadondosha mafuta, feni inaleta hewa, na vipimo vya mafuta na hewa vimewekwa kiwandani. Watengenezaji wakubwa wa Ulaya wenyewe wanasema hita zao za kawaida ni za hadi mita 1,500. Ukizidi hapo, unahitaji kifaa cha ziada cha kurekebisha mafuta, kwa sababu hewa imekuwa nyepesi. Hapa Nairobi hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Mombasa. Nyahururu, mita 2,300 na ushee, unakaribia robo. Mafuta yanabaki yale yale, hewa inapungua, moto unakuwa mchafu, masizi yanajaa, na siku moja asubuhi hita inakohoa, inatoa moshi mweupe na kukataa kuwaka. Yaani mahali popote Kenya penye baridi ya kutosha kuhitaji mashine hiyo, ni palepale mashine hiyo inapougua. Na Mombasa, ambako ingefanya kazi vizuri kabisa, utaipasha nani?

Najua jibu: kuna zile zinazojirekebisha zenyewe kulingana na mwinuko. Zipo. Bei yake ni sawa na kodi ya bedsitter ya miezi kadhaa, na ikiharibika Kitale hakuna wa kuifungua. Namheshimu sana fundi wa Kenya, lakini hawezi kutengeneza kadi ya umeme ambayo hajawahi kuiona, tena kwa spea ambazo haziko.

Na usiku wa Julai Nairobi, ukishuka sana, unafika nyuzi 11 au 10. Hiyo ni baridi, sikatai, hasa ndani ya bati. Lakini ni baridi ya blanketi. Ulaya imetuletea dawa yake tayari, iko Gikomba, dakika chache kwa miguu kutoka kwenye basi letu: maduveti mazito, makoti ya manyoya, soksi za sufu ambazo mtu wa Norway alizichoka. Weka mbao ukutani, weka kitu cha kuzuia joto lisitoroke kati ya mbao na bati, ning'iniza pazia zito kati ya dereva na vitanda. Watu wanne wakilala mle, miili yao yenyewe ni hita. Kinachobaki ni kuwaachia mwanya wa hewa.

Hewa ndiyo inanifanya niandike kwa hasira.

Juni tulilala mle kwa majaribio. Mwenzetu mmoja, na simtaji kwa sababu ingeweza kuwa mimi, alileta jiko la makaa. Lile la kauri, lenye kiuno, ambalo kila nyumba ya Eastlands imewahi kuwa nalo: umbo liliazimwa kutoka Thailand mapema miaka ya 1980, na bati lake mafundi wa Kamukunji wakalikunja kwa maelfu hadi likawa letu. Nalipenda jiko hilo. Limepika githeri iliyonilea. Tuliliwasha nje hadi makaa yakawa mekundu bila moshi, tukaliingiza karibu na mlango, tukaacha dirisha moja wazi kiasi cha vidole viwili. "Ni ya saa moja tu," tukasema. Tukapiga story. Tukalala.

Saa tisa usiku mmoja wetu aliamka kwenda kukojoa akaanguka kwenye ngazi. Kishindo kile ndicho kilichotuamsha. Kichwa kilikuwa kinagonga kama spika za nganya, miguu haina nguvu, mwingine akatapika. Tulijikokota nje, tukakaa chini ya taa ya yadi hadi alfajiri, tukipumua kama samaki. Mlinzi alidhani tumelewa.

Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo hatari zaidi, kwa sababu yanakupa imani. Yanatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo inaishika damu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni inavyoishika. Haikukabi koo. Inakupa usingizi tu, na usingizi ndio uliokuwa unautafuta. Kila msimu wa baridi tunasoma habari ile ile: chumba kimoja, familia, jiko, majirani wakavunja mlango asubuhi. Tunasema "maskini", tunaendelea na siku. Na chumba cha mabati cha futi kumi kwa kumi kina tofauti gani na basi? Basi ndilo lililozibwa vizuri zaidi. Tumelizibia kwa mipira na silikoni ili mvua isiingie.

Kwa hiyo sheria ya kwanza ya basi letu, na hii sitaipigia kura na mtu: hakuna moto wa kulala nao. Si jiko, si hita ya gesi ya kuwekwa sakafuni, si "dakika kumi tu". Hata gesi inayowaka vizuri, kila kilo moja inatoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji kama mvuke, na mvuke huo unaenda kugandamana kwenye bati, unashuka nyuma ya mbao na kuozesha kila kitu. Unaamka umeloa na kuna baridi kuliko ulipolala. Na kifaa cha kunusa kaboni monoksaidi kinunuliwe kabla ya pazia, kabla ya rangi, kabla ya zile taa za LED ambazo tayari mmenunua.

Tumalize watu, twende kwenye maji, maana hapo ndipo mzee wa redieta alikuwa anatupeleka.

Pendekezo la kwanza la wenzangu lilikuwa Lorenzetti. Bila shaka. Huko kwetu hilo ni jina la kitu, kama vile Omo. Kichwa cha shawa cha Brazil, unafungua bomba, taa ya stima inafifia kidogo nyumbani kwote, maji yanatoka moto. Sasa kipimo chake ni wati 5,000 hivi. Betri za Isuzu letu ni volti 24. Gawanya: zaidi ya ampea 200, bado hujahesabu kinachopotea kwenye inveta. Si kwamba umeme wenyewe ni mwingi, dakika tano za kuoga si kitu. Tatizo ni kasi yake. Unataka kunywa ndoo nzima kwa pumzi moja. Inveta ya kuweza kazi hiyo, nyaya nene kama kidole gumba, na betri zisizolia, vyote hivyo vitakula bajeti ya vitabu. Wale wa koili ya kuchovya kwenye ndoo, nao, nawaomba wakumbuke kwamba sakafu ya basi ni chuma, na mtu anayeoga amelowa.

Hesabu ya maji ni rahisi kuliko tunavyoogopa. Lita 20, zikiwa nyuzi 18, uzifikishe 40, ambayo ni joto la kuoga ukapenda maisha: unahitaji kama nusu ya uniti ya umeme. Nusu uniti tu. Tuna vyanzo vitatu ambavyo vinaweza kutupa hiyo nusu uniti bila kumpigia mtu wa Munich simu.

Cha kwanza ni injini. Basi likitembea, maji ya redieta yanazunguka yakiwa na nyuzi 80 na zaidi, na kazi yote ya redieta ni kutupa joto hilo barabarani. Tunalinunua kwenye petroli stesheni halafu tunalimwaga. Mzee alituonyesha rundo la vijiredieta vidogo pembeni ya banda lake: ni hita za ndani za magari ya Japani. Kila gari linalotoka Japani linakuja nayo, kwa sababu Japani kuna theluji. Likifika Nairobi, siku ile hita ikivuja, fundi anaunganisha paipu moja kwa moja, anaiziba, na mwenye gari hajui hata kwamba aliwahi kuwa na hita. "Hizi zote nimetoa," mzee alisema, "na hakuna mtu amewahi kurudi kuniuliza iko wapi." Huo ndio utafiti bora zaidi kuhusu hita za hewa nchini Kenya ambao nimewahi kuusikia.

Anachopendekeza ni hivi. Tangi la chuma la lita 40, limefungwa vizuri lisipoteze joto, ndani yake koili ya shaba. Maji ya redieta yanapita ndani ya koili, maji ya kuoga yako nje yake, hayagusani kamwe, kwa sababu ile kuleni ya rangi ya kijani ni sumu. Weka vali ya usalama ya kutoa presha, la sivyo umetengeneza bomu. Weka na vali ya kuchanganya na maji baridi, la sivyo mtu atababuka mgongo. Lita 40 zikiwa nyuzi 80, ukichanganya na baridi, unapata zaidi ya lita 100 za kuoga. Ni ndoo tano. Kutoka Kariokor hadi Nakuru tutafika na maji ya kuoga wote wanne na ya kuosha sufuria. Hata jam ya Jogoo Road hatimaye itakuwa na faida.

Cha pili ni jua, la siku ambazo basi limeegeshwa. Mita moja ya mraba ya paa, bomba jeusi au tangi bapa jeusi ndani ya sanduku lenye kioo juu, siku ya jua zuri inapasha lita 80 hivi hadi joto la kuoga. Julai mawingu yakikaa wiki nzima, kata nusu, na siku nyingine hupati kitu. Msipande na tangi la lita 200 huko juu: hizo ni kilo 200 kichwani mwa gari refu linalopita kona za Rift Valley. Lita 50 zinatosha, na zimwagwe kabla ya safari. Serikali yenyewe mwaka 2012 iliandika kanuni kwamba jengo linalotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku liwe na hita ya jua. Utekelezaji ukasuasua, kama unavyojua. Lakini aliyeandika alijua tuko juu ya ikweta.

Cha tatu ni meko. Ndiyo, meko, mtungi wa kilo 6 na sufuria juu, dirisha wazi na mlango wazi, mtu amesimama pale macho. Kilo 6 zinapasha ndoo 70 hivi za kuoga. Hiyo ni ya asubuhi ya mawingu ambayo injini imelala.

Hapo ndipo mabishano yakawa mabaya. Mwenzangu mmoja, na tumekua naye ploti moja, alinitazama akasema, "Buda, wewe unataka tuoge kwa karai hadi lini?"

Niliumia, kwa sababu najua anachosema. Tumekua tukishiriki bafu moja, familia nane, ukibeba maji yako ya moto kwenye karai ukipita uani, ukiomba mtoto wa jirani asikugonge. Mama yangu alikuwa anaamka saa kumi na moja kupasha maji ya watu watano kwa jiko moja. Siku nilipohamia keja yenye instanti nilisimama chini yake hadi stima ya tokeni ikaisha, na sikujuta. Maji yanayotoka ukutani yakiwa moto ni cheti, kwamba umetoka. Kwa hiyo mtu akikuambia sufuria, masikio yanasikia "rudi".

Lakini sijasema turudi. Tangi la shaba linalopashwa na injini litatoa maji ya moto ukutani, kwenye shawa, kwa presha, na hayatahitaji tokeni. Hiyo si karai. Tofauti pekee ni kwamba halina nembo ya kigeni, na limefungwa na mzee mwenye kitambaa kichafu. Tukiliita kwa Kijerumani na kuliweka kwenye katalogi, mngelipenda. Ninachopinga ni kulipia baridi ambayo hatuna ili tufanane na watu walio nayo. Mtaa huu tumeegesha umepewa jina na Carrier Corps, wale wapagazi waliobebeshwa mizigo ya vita vya 1914 hadi 1918, vita ambavyo havikuwa vyao, na makumi ya maelfu wakafa, wengi kwa maradhi kuliko kwa risasi. Jina likapita midomoni likawa Kariokor, kama vile Dar lilivyokuwa Kariakoo. Silinganishi hita na vita. Nasema tu kwamba hapa, kati ya mahali pote, mtu anapaswa kuuliza mzigo ni wa nani kabla ya kuuinua.

Kuna hoja moja ya wenzangu ambayo sina jibu zuri kwayo. Mmoja wetu ana pumu, na baridi ya alfajiri inamkaba. Blanketi halisaidii mapafu, kwa sababu hewa anayovuta ni ile ile. Kwake, kama tutakwenda Nyahururu au Iten, nakubali tufunge kile kijiredieta cha Japani na feni ndogo karibu na kitanda chake, kipashwe na tangi lile lile, bila moto wowote ndani. Kitapasha hewa saa moja, labda mbili, kisha maji ya kuoga asubuhi yatakuwa vuguvugu, na sisi watatu tutanyamaza. Mzee anasema anaweza. Nimemwambia akiweke kando.

Jumamosi tunatoboa paa kwa ajili ya bomba la jua, na shimo likishatobolewa halitobolewi mara mbili. Anayetaka hita ya dizeli bado ana siku nne. Aje yadini na bei, aje na jina la fundi atakayeifungua ikizima Kitale, na aje na kile kifaa cha mita 1,500. Mimi nitakuwa pale kuanzia saa mbili, na nimeshalipa nusu ya shaba.